Fundi Aminieli na ukumbi ulioachwa na maji

Saa kumi na moja alfajiri ukungu wa Meru haujaondoka kwenye migomba, na Aminieli Solomoni amelala chali chini ya sakafu ya ukumbi wa dansi. Tope limemfika masikioni. Juu ya pua yake, kiasi cha kiganja, ipo boriti iliyopigiliwa kabla yeye hajazaliwa. Kulia kwake kuna jeki ya lori, imekalishwa juu ya ubao mpana ili isizame.

"Usiniongeleshe sasa hivi," anasema. "Nasikiliza."

Anapandisha jeki taratibu. Boriti inalia mara moja, mlio mfupi wa mbao kavu. Anaacha hapo hapo. Anapitisha kidole kati ya boriti na kichwa cha nguzo, kidole kinapita. Ndipo anaigonga nguzo kwa nyundo, nayo inaanguka kwenye tope bila ubishi. Katikati imeliwa, imebaki nyembamba kama gunzi la muhindi.

Huko juu miguu inatembea kwenye sakafu. Vumbi linamwangukia machoni.

"Baba Fanuel! Umekufa au bado?"

"Bado!"

"Basi toka unywe chai. Maiti hawanywi chai yangu."

Huyo ni mkewe, Tabea. Kila asubuhi anateremka na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye kitambaa, na kila asubuhi anauliza swali hilo hilo. Aminieli analalamika kwamba mke wake ana kelele. Wapo wanaume wanaoamka kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuwauliza wamelala vipi. Yeye hayumo katika hesabu hiyo, na labda ndiyo maana analalamika.

Aminieli ana miaka sitini na minane. Tangu mwaka 1979 kazi yake ni kubadilisha nguzo za ukumbi huu mmoja, moja baada ya nyingine, ukumbi wenyewe ukiwa umesimama juu yake. Kamati ya ukumbi inamlipa posho ya shilingi elfu themanini kwa mwezi, ikipatikana. Isipopatikana anakula ndizi za shamba lake na kuuza kahawa kidogo.

Siku hizi anafanya kazi kwa haraka kuliko zamani. Mlangoni kuna tangazo lenye mhuri linalosema jengo ni hatari na litavunjwa mwishoni mwa Juni. Kwenye ukuta wa nje, injinia aliyeletwa na kamati amechora alama kubwa kwa rangi nyekundu.

"Injinia hakusema uongo," Aminieli anakiri huku akijipangusa tope shingoni. "Nguzo zimeoza. Hata mimi ningechora. Tofauti yetu ni kwamba yeye akichora anaondoka, mimi nabaki nabadilisha."

Kamati ina viti, ina mhuri, ina pikipiki mpya ya mwenyekiti. Haina jeki. Jeki ni ya Aminieli mwenyewe, aliinunua Ngaramtoni kwa dereva wa lori aliyekuwa ameamua kurudi kulima.

Watu wa hapa wanauita ukumbi huu Banda la Mtaliano. Uko ukingoni mwa ziwa dogo chini ya miteremko ya Nkoaranga, ziwa ambalo wenyeji hawajawahi kulipatia jina zaidi ya Kiziwa. Ni jengo la mbao lenye pande nane, veranda inayozunguka pande zote, na paa la bati lililochongoka kama kofia. Zamani nusu yake ilikuwa nchi kavu na nusu ilisimama majini. Leo yote imesimama kwenye tope. Maji yako mbali, mtu akirusha jiwe halifiki.

Aliyeujenga aliitwa Renato. Aliletwa Afrika Mashariki kama mfungwa wa vita, na vita vilipokwisha hakurudi kwao. Akawa fundi wa majumba ya wakulima wa kahawa. Msaidizi wake alikuwa Solomoni, baba yake Aminieli, na habari zote za mwanzo zimetoka kwa Solomoni.

"Baba alisema huyo Mtaliano alitoka mji wa starehe, uko baharini," Aminieli anasimulia. "Kwao palikuwa na jumba limesimama juu ya maji ya chumvi, unalifikia kwa daraja la mbao. Watu wanakwenda kula, kusikiliza muziki, kucheza. Yeye alikuwa anafagia humo akiwa mtoto. Sasa siku alipokiona Kiziwa, alivua viatu akaingia majini na suruali yake. Baba akadhani amechanganyikiwa. Kumbe anapima kina."

Mwenye shamba alikuwa anataka mahali pa kuchezea dansi wageni wake. Renato akamwambia atamjengea, ila atajenga anavyojua yeye. Akaagiza nguzo za mtarakwa kutoka juu mlimani. Akaziunguza ngozi kwa moto ili zisioze, akazipigilia kwenye sakafu ya ziwa kwa gogo zito lililofungwa kamba, wanaume wakivuta na kuachia huku wakiimba. Alichojenga ni jumba la kwao, ila dogo, na badala ya bahari likapewa Kiziwa.

Miaka michache iliyopita alikuja mjukuu wake, mama wa makamo, kutazama kazi ya babu. Alikaa kwenye veranda akamweleza Aminieli yaliyolipata lile jumba la kwao. Bahari ilichafuka mwaka mmoja ikalibomoa, wakajenga. Likashika moto, wakajenga. Wakati wa vita wanajeshi wakakata daraja ili adui asipate pa kushukia, vita vikaisha, wakajenga tena. Kila mara watu wa mji waligombana juu ya nani alipe, wakatukanana magazetini, na mwisho wakalipa.

"Nikamuuliza, na sasa lipo?" anasema Aminieli. "Akasema lipo, limejaa watu wanakula aiskrimu. Huku kwetu hakuna bahari iliyotupiga, hakuna moto, hakuna vita. Tumelimaliza wenyewe tukiwa tumekaa."

Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya uhuru shamba lilichukuliwa na ushirika, na ukumbi ukawa wa wakulima wa kahawa. Msimu wa malipo bendi zilitoka Arusha mjini na Moshi. Watu waliteremka njia za milimani wakiwa wameshika viatu mkononi, wakavivaa mlangoni. Sakafu ya Renato ilikuwa na tabia yake. Kwa kuwa nguzo zilisimama kwenye maji na matope laini, mbao zilitikisika kidogo chini ya miguu, na wachezaji walisema sakafu inawajibu.

Wasiopendezwa walikuwa wazee wa kanisa. Jumamosi waliketi njiani, karibu na mfereji, kutazama nani anapita. Jumapili jina lake lilisomwa. Kutengwa na Meza ya Bwana halikuwa jambo dogo kwa Mlutheri wa Nkoaranga, basi vijana wakabuni njia nyingine. Walikata migomba iliyokwisha kuzaa, wakaifunga kamba ikawa chelezo, wakavuka Kiziwa kutoka upande wa pili na kuingia ukumbini kwa ngazi za nyuma, zile za majini.

"Mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza," Tabea anaanza, na mumewe anaanza kucheka kabla hajafika popote. "Usicheke wewe, kamba ulifunga wewe! Tulikuwa sita juu ya chelezo. Katikati ya ziwa kamba ikafumuka, kila mgomba ukaenda zake. Nikatokea ng'ambo nimekumbatia mgomba kama mtoto. Na nani yuko ng'ambo? Mzee wa kanisa, ananywesha ng'ombe wake. Alituhesabu tu kama mbuzi wanaotoka zizini."

"Akatutenga wote," Aminieli anaongeza.

"Miezi sita. Halafu nikasimama mbele ya washarika nikatubu." Tabea anamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. "Nilitubia dansi. Huyu sikumtubia."

Ushirika ulipolegea, bendi ziliacha kuja. Ukumbi ukakabidhiwa viongozi wa eneo, na tangu hapo kila kiongozi mpya alikuja na jambo lake. Mmoja aliugeuza ghala la mbolea. Mwingine akaweka disko, spika zikapasua dari. Wa tatu akauza mabati ya veranda na kusema yamechukuliwa na upepo. Upepo wa Meru tunaujua, haujawahi kuchukua bati na misumari yake ukaacha mbao bila mkwaruzo.

Kisha ikaja siku ya miti.

Wakubwa walifika na magari, ngoma, fulana za bure na miche ya mkaratusi kwenye viriba. Mkaratusi unakua haraka, walisema, utaleta mvua. Kila mtu alipanda, Aminieli akiwemo. Wenye viwanja kuzunguka chemchemi inayolisha Kiziwa walipewa miche mingi zaidi, na vyeti vya pongezi. Baada ya hapo magari yakaondoka. Hakuna aliyerudi kuangalia miti ile inakunywa nini.

Ilikunywa Kiziwa. Maji yalirudi nyuma mwaka hadi mwaka, polepole, kiasi kwamba hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema leo yamepungua. Ila Aminieli aliona kwenye nguzo. Mtarakwa ukizama moja kwa moja unadumu, na ukikaa pakavu unadumu. Unaoza pale panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Nguzo zilizokaa majini tangu enzi za Renato zikaanza kuliwa katikati.

"Zamani nilikuwa nabadilisha moja kwa mwaka, tena kwa raha," anasema. "Sasa nikibadilisha moja, ya pembeni yake inalegea. Na mtarakwa siku hizi hukati bila kibali, na kibali hakipatikani. Hiyo unayoona nimeiweka leo ni ya mwisho niliyokuwa nayo. Bila nguzo nyingine, tangazo la mlangoni ndio ukweli."

Nguzo zipo, tena zinaonekana kutoka kwenye veranda. Ni mikaratusi ile ile, mirefu na iliyonyooka, imejipanga kwenye kiwanja kilicho juu ya chemchemi. Ikikatwa, ikakaushwa kidogo na kupakwa oili chafu, ingeweza kushika ukumbi kwa miaka kadhaa. Na pengine chemchemi ingepumua.

Lakini kiwanja hicho ni cha Mzee Ndesanjo, na Mzee Ndesanjo na Aminieli walikuwa hawasalimiani kwa miaka minne.

Ndesanjo ni Mchaga wa Machame, alifika hapa mwaka 1974 kununua ndizi na hakuondoka. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na watu wa rika lake wanamwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga, kwa utani. Walikuwa marafiki, yeye na Aminieli. Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara kuhusu maji. Wakubwa waliokuja na miche walikuwa wameshahamishiwa kwingine, hakukuwa na wa kumnyooshea kidole. Aminieli akasimama mbele ya watu wote akamnyooshea Ndesanjo.

"Alisema, mtu ametoka Machame na kiu yake, amekuja kunywa ziwa letu," Ndesanjo anakumbuka. Amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, fimbo katikati ya magoti. "Watu wakacheka. Mimi niliambiwa nipande, nikapanda. Nikapewa na cheti. Yeye mwenyewe alipanda! Lakini Mchaga ni mimi."

Anaonyesha kwa fimbo kaburi jeupe chini ya migomba, lenye jina la Agnela.

"Unajua sisi mtu akifa tunampeleka nyumbani, Kilimanjaro. Ndugu walikuja na gari la kumchukua. Nikasema hapana, huyu mama alisema azikwe hapa, hapa ndipo kwake. Walinikasirikia mpaka leo. Na Aminieli alikuwepo, alishika koleo siku ile. Halafu huyo huyo anasimama kusema nimekuja na kiu."

Kuna maneno ambayo mwenye nyumba kimya anayasikia mara mbili kuliko wengine. Hana wa kumwambia jioni kwamba ameumizwa, wala wa kumjibu aache upuuzi alale.

Tangazo la kuvunja ukumbi lilipobandikwa mwezi wa tatu, Aminieli alifanya jambo ambalo kila Mmeru na kila Mchaga angelielewa. Alikata jani la sale, ule mmea mrefu wa kijani unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Akalifunga fundo, akapanda nalo kwenda kwa Ndesanjo. Anayeletewa sale lazima asamehe. Hata aliyeuliwa ndugu akiletewa sale analipokea. Kulikataa ni kujiletea laana.

Ndesanjo akalipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameanza kulia, anasema mwenyewe bila aibu.

"Ndipo akaharibu," anasema Tabea.

Aminieli anainamisha kichwa. "Nikaharibu. Jani bado liko mkononi mwake, hata hajaliweka chini, nikamwambia, sasa Mangi, naomba nikate ile miti yako ya chini nipate nguzo."

Mtu asiye wa huku anaweza asione kosa liko wapi. Sale inaomba msamaha, basi. Haibebi kitu kingine mgongoni. Ukija nayo huku unataka mali ya mtu, umemfunga mikono kwanza ndipo ukampekua mifuko.

Ndesanjo alisimama. Maneno yake wote wawili wanayakumbuka sawasawa: "Nimekusamehe kwa sababu sina njia. Miti yangu hupati. Na umenikamata kwa jani, Aminieli, kama mwizi anavyokamata kuku."

Aminieli alirudi nyumbani bila mti na bila rafiki, msamaha wake mkononi ukiwa kama noti bandia. Wiki tatu aliendelea kubadilisha nguzo kwa vipande alivyokuwa ameficha. Tabea hakumwambia neno juu ya hilo, na hapo ndipo alipojua kwamba amekosea sana.

Jumamosi iliyopita anapanda tena. Safari hii hana jani, hana shoka, ana mke wake. Amevaa shati la kanisani. Ndesanjo yuko pale pale kibarazani, anamwona kuanzia mbali, hageuzi uso.

"Hodi, Mangi."

"Karibu. Umeleta nini leo?"

"Sijaleta kitu."

"Na unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Na mimi nimekuja kuhakikisha hataki," Tabea anadakia. "Shikamoo, kaka yangu."

"Marahaba, mama. Kaeni."

Wanakaa. Kuku wanapita. Aminieli anatazama mikono yake yenye makovu ya kamba na misumari, kisha anasema, bila kuinua macho:

"Siku ile nilishika sale, lakini moyoni nilishika shoka. Na kabla ya hapo, kule mkutanoni, nilijua kabisa aliyeleta miche ni nani. Hakuwepo. Wewe ulikuwepo. Ndiyo nikakupiga wewe. Na Mama Agnela nilimfukia kwa mikono hii. Hilo ndilo nililokuja kusema. Miti ni yako."

Ndesanjo anakwaruza sakafu kwa ncha ya fimbo.

"Agnela alikuwa Mkatoliki," anasema mwishowe. "Padri wao hakukataza dansi. Yeye alikuwa anapita mlango wa mbele, anawacheka nyinyi Walutheri mnaoingia mmelowa."

"Alinicheka mimi!" Tabea anasema. "Akanikamulia gauni kwenye veranda."

"Alinisimulia." Mzee anatabasamu kidogo, kisha tabasamu linaondoka. "Linahitaji nguzo ngapi?"

Aminieli ananyamaza. Tabea anamfinya paja.

"Nimekuuliza swali, Aminieli."

"Sikuja kwa hilo, Mangi."

"Najua hukuja kwa hilo. Ndiyo maana nauliza mimi."

Wakakubaliana hapo hapo. Mstari wa chini, ulio karibu na chemchemi, ukatwe wote. Wa juu ubaki, ni ada ya wajukuu. Fedha hataki. Sharti lake ni moja tu. Aminieli alimtukana hadharani, basi afute hadharani, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale.

Jumatano kuna mkutano. Watu wamekaa kwenye nyasi nje ya ofisi, na mwenyekiti wa kamati, Frederick, anasoma habari za mwekezaji atakayejenga ukumbi wa kisasa wa matofali na vioo pale Banda la Mtaliano litakapoondolewa. Anasoma vizuri. Jina la mwekezaji halisomi, na hakuna anayeuliza, kwa sababu tumeshazoea. Tunapewa habari, hatupewi majina.

Aminieli anasimama.

"Mwenyekiti, mimi nina neno kuhusu Mzee Ndesanjo."

"Fundi, hilo halipo kwenye ajenda."

"Hata nilipomtukana halikuwepo kwenye ajenda. Ukaniachia nimalize."

Kicheko kinapita kwenye nyasi. Frederick anaangalia karatasi zake. Aminieli anageuka, anawapa mgongo viongozi, anawatazama watu.

"Miaka minne iliyopita nilisema hapa kwamba mtu fulani ametoka Machame na kiu, amekunywa ziwa letu. Nafuta. Ziwa tumelinywa wote. Mimi nilipanda kumi na mbili kwa mkono wangu, na nilipewa fulana, bado ninayo, nafutia jeki. Mzee Ndesanjo ni mtu wa hapa. Mke wake amelala hapa. Aliyecheka siku ile, na acheke sasa."

Hakuna anayecheka. Mama mmoja wa nyuma anasema, "Hata mimi nilipanda." Mwingine anasema, "Na mimi." Mzee Ndesanjo, aliyekaa kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho kutoka nyumbani, anavua kofia, kisha anaivaa tena.

Frederick anaendelea na ajenda. Baada ya mkutano, alipoulizwa iwapo kamati inaweza kusogeza siku ya kuvunja kwa kuwa nguzo sasa zimepatikana, alijibu kwamba uamuzi umeshapita na yeye hana mamlaka ya kuurudisha. Alipoulizwa nani anayo, alisema suala hilo liko ngazi za juu. Ngazi za juu ni mahali ambapo mambo yetu yote yanaishi. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa mlango wake.

Ijumaa mvua za masika zimepumzika, na chensoo inaunguruma juu ya chemchemi tangu kulipopambazuka. Mkaratusi wa kwanza unainama upande wa shamba, unasita, unalala chini kwa kishindo kinachofika mpaka barabarani. Ndesanjo amesimama pembeni na fimbo yake, anaelekeza mwenye chensoo kama vile yeye ndiye fundi.

"Huo una vifundo! Huo uache uwe wa kuni! Mpe ule, ule ulionyooka!"

"Mangi, unanifundisha kazi?" Aminieli anamuuliza.

"Mtu aliyefunga chelezo kikafumuka lazima afundishwe."

Mpango wa Aminieli ni kumaliza upande wa ziwani kwanza, ule uliooza zaidi, kisha kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Vijana wa kwaya wameahidi kubeba magogo Jumapili baada ya ibada. Mchungaji wa sasa hana neno na dansi, anasema yeye mwenyewe anataka ukumbi wa kufanyia sherehe za kipaimara. Oili chafu imepatikana, mapipa mawili, kutoka gereji za barabara ya Kisongo.

Kuhusu maji, Aminieli hajiahidi mengi. "Miti imekunywa miaka mingi. Kurudi labda nitakuwa nimeshakufa. Sitaki kumdanganya mtu. Mimi nataka lisimame tu, ili siku maji yakirudi yakute kitu cha kusimama ndani yake."

Na mwisho wa Juni wakija na nyundo na lile tangazo lao?

Tabea, aliyeketi juu ya gogo jipya, anamsubiri ajibu, na safari hii hamdakii.

"Waje," anasema Aminieli. "Siwapigi, siwatukani, matusi nimeacha. Ila watanikuta chini, kazini. Na kabla ya kuvunja, itabidi kiongozi mmoja ainame aingie kwenye tope aniambie nitoke. Sijawahi kumwona hata mmoja akiinama."

Anabeba nguzo begani, mkewe anashika ncha ya nyuma, na wanateremka nayo kuelekea ukumbini.